Safari Hii Nguo Zenu Shikeni Wenyewe

Mpendwa dada Kulwa,

Shikamoo. Najua utacheka, maana tumelala kitanda kimoja miaka yote na sijawahi kukuamkia asubuhi hata siku moja. Lakini Mama anasema barua isiyo na salamu ni amri, na mimi sijafikia cheo cha kukuamrisha. Kwa hiyo, shikamoo.

Hii naiandika wazi, asome atakayesoma. Sababu yake inanitia aibu kidogo. Nikikutumia wewe peke yako utafika mstari wa tatu, utampigia Doto, mtacheka kile kicheko chenu kimoja kinachotoka midomo miwili, halafu mtasema, "Shija naye bwana," na mambo yataishia hapo. Watu wengine wakiwa wanasoma, labda utaona haya kuishia njiani.

Kwa wasiotufahamu: wewe na Doto ni mapacha. Kwetu Unyamwezini majina ya mapacha hayachaguliwi. Anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayemfuata ni Doto, na mtoto anayekuja baada yao, awe wa kike awe wa kiume, ni Shija. Unaona ilivyo? Hata jina langu linawataja ninyi kwanza. Mtu hajanijua bado, akisikia tu naitwa Shija, ananiuliza, "Mapacha wako wapi?" Mama mwenyewe mtaa wetu mzima wa Cheyo wanamwita Mama Kulwa.

Unakumbuka ile doti ya khanga aliyokuja nayo shangazi? Ya zambarau, yenye korosho za njano. Aliikata katikati pale pale sebuleni, kipande chako, kipande cha Doto, maana mapacha ukimpa mmoja lazima umpe na mwingine, la sivyo unatafuta balaa. Mkajifunga, mkazunguka, watu wakapiga vigelegele. Shangazi akanitazama nimekaa kwenye mkeka, akasema, "Wewe mwanangu nitakuletea siku nyingine." Wala shangazi si mtu mbaya, ila kwenye doti hakuna kipande cha tatu.

Ninachotaka kukukumbusha hasa ni lambo la Urambo.

Lile nyuma ya mashamba ya tumbaku ya Babu, lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Mama alikuwa anatukataza kwa sababu ya kichocho, na kila likizo mlikuwa mnakwenda. Wewe ulijifunza kuogelea, sijui kwa nani, halafu ukamfundisha Doto. Nilikuwa natazama. Ulimshika chini ya tumbo kwa mikono miwili, ukawa unarudi nyuma taratibu, yeye anapiga maji anameza matope anakohoa, nawe unamwambia, "Sijakuachia, sijakuachia," na ulikuwa umeshamwachia zamani. Nilikuona. Nilikuwa nimesimama ukingoni na magauni mawili, khanga mbili, na jozi mbili za kandambili.

"Shija, kaa na nguo, ng'ombe wasije wakazikanyaga."

Basi nilikaa na nguo. Likizo hadi likizo. Wakati wa kurudi mlikuwa mnatangulia njiani mmelowa, meno yanagongana kwa baridi, nami nyuma na furushi kichwani. Doto ndiye aliyenipa lile jina. Aligeuka akaniona, akasema, "Haya mpagazi wetu, kaza mwendo, Bagamoyo bado mbali." Mkacheka mpaka mkakaa chini. Babu aliposikia naye akacheka, akasema jina limempata mwenyewe, kwa kuwa babu yake yeye alibeba pembe za ndovu kweli, kutoka huku kwetu mpaka pwani, kwa miguu. Tangu siku hiyo nikawa Mpagazi. Mpaka leo Doto akitaka nimletee maji anaita, "Mpagazi!"

Dada, sikuwa naonea wivu kule kuogelea. Nilikuwa naonea wivu kutetemeka kwenu. Mlitoka majini mnatetemeka pamoja, mnaegemeana, mnanuka matope yale yale, nami nilikuwa mkavu. Sijui kama unaelewa mtu anavyoweza kuona vibaya kwa kuwa mkavu.

Shuleni mwalimu wa Kiingereza alitueleza kwamba lugha yao ina maneno mawili, moja la kuogopa kunyang'anywa kilicho chako, jingine la kutamani kilicho cha mwenzako. Akatuuliza Kiswahili tunasemaje. Darasa likapiga kelele, wivu, kijicho, husuda, kila mtu na lake. Mimi, kama kawaida yangu, sikunyoosha mkono. Nilikuwa nawaza langu ni lipi kati ya hayo mawili. Siwezi kuogopa kunyang'anywa, maana hamkuwahi kuwa wangu. Na kutamani cha mwenzako ni kutamani vitu, viatu, simu. Mimi nilitaka niwe mtu wa kuambiwa "sijakuachia." Sijapata neno lake katika lugha yoyote kati ya zile wanazonifundisha.

Ulipokwenda chuo Mwanza, nisamehe, nilifurahi. Nilihamia upande wako wa kitanda, ule wa ukutani. Nilijua sasa Doto atakuwa hana wa kuzungumza naye isipokuwa mimi. Wiki ya kwanza tu, simu ikaita, akatoka nayo barazani akarudishia mlango. Nikawa nasikia kicheko chake, nusu ile ya huku. Nilidhani ukiondoka utaacha nafasi. Kumbe uliondoka nayo.

Sasa tuje kwenye ujumbe wako wa sauti.

Doto aliufungulia jikoni, sauti juu, mimi nachambua mchele. Ukaeleza habari za triathloni: mtu anaogelea ziwani, anatoka anadaka baiskeli, akishuka kwenye baiskeli anakimbia, hakuna kukaa. Ukasema ipo ya masafa mafupi kwa wanaoanza, kwamba wewe na wenzako mnaofanya mazoezi asubuhi mmeshajiandikisha, mwisho ni Ijumaa. Kisha ukasema, na naweza kuyarudia kama yalivyotoka, "Doto, njoo tuingie sisi wawili. Na Shija mje naye, atushikie nguo."

Niliendelea kuchambua mchele. Siku hiyo tulikula mawe, Baba alilalamika sana, na hakuna aliyejua kwa nini.

Kuna jambo hamlijui. Likizo ya mwezi wa sita, Doto alipobaki Gongoni kusaidia dukani kwa mjomba, mimi nilikwenda Urambo peke yangu. Jioni moja nikaenda lamboni, nikasimama pale pale ninaposimama siku zote. Sikuwa na nguo za mtu za kushika. Mikono haikujua ikae wapi. Bibi alinifuata, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia naangalia maji tu.

Unamjua Bibi. Kwake mimi ni mke mwenza, tunamgombania Babu tangu sijaota meno. Akaniambia, "Mke mwenzangu, maji hayaangaliwi hivyo. Ingia. Nguo nitakaa nazo mimi."

Kesho yake alikuja na kamba ile ya kufungia marobota ya tumbaku. Akanifunga kiunoni, ncha nyingine akajizungushia mkononi, akaketi juu ya gauni langu ukingoni. Yeye hajui kuogelea hata kidogo. Akasema, "Ukizama, kijiji kizima kitasema nimekuua kwa wivu. Kwa hiyo usizame, sitaki kesi." Nikacheka, nikameza maji, nikakohoa kama Doto. Kila nilipokwenda chini aliivuta kamba kama anatoa ndoo kisimani. Nilijikuta nafanya yale niliyokuona ukifanya, mkono wako unavyokunjika kwenye kiwiko, shingo inavyogeuka kutafuta hewa. Kumbe miaka yote ya kushika nguo nilikuwa nasoma. Mwisho wa likizo nililivuka lambo lote mpaka ng'ambo na kurudi, na kamba ilikuwa imelegea, inaelea nyuma yangu kama mkia.

Nilitoka natetemeka. Bibi akanifunika khanga yake. Akaniuliza, "Unawaonea wivu wale wawili?" Sijui alijuaje. Nikasema ndiyo, nikaanza kulia, mjinga mimi. Akasema, "Mimi wangu kwako nauonyesha hadharani, ndiyo maana tunakula sahani moja. Wako umeufungia ndani, utakuozea."

Ndiyo hii barua.

Nilipomwambia Mama kwamba safari hii sishiki nguo za mtu, yeye, kwa kutaka kusuluhisha, ndiye aliyekuja na wazo la timu. Doto alikuuliza nawe ukakubali haraka haraka, kwamba inaruhusiwa watu watatu kugawana: wewe uogelee, Doto aendeshe baiskeli, mimi nikimbie. Kila mtu nyumbani alifurahi. Baba akasema inapendeza, Kulwa, Doto, Shija, hata majina yamejipanga. Doto akasema, "Unaona Mpagazi, umepata kazi."

Nami najua kukimbia kweli. Kila asubuhi nakimbia barabara ya vumbi ya kwenda Kwihara, njia ile waliyopita wapagazi wenyewe, na bado sijapata wa kunifikia. Ningekubali, pengine tungeshinda kitu. Usiku ule nilitaka kukubali. Halafu nikajiona nimesimama ufukweni, mkavu, nasubiri wewe utoke umelowa umpe Doto zamu, mkumbatiane, na Doto aje anipe mimi mwisho. Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ndogo, ikabidi niseme tena.

Nataka kuingia peke yangu. Zote tatu.

Naogopa, usidhani siogopi. Ziwa si lambo. Nimeambiwa lina mawimbi, na watu wanaingia kwa pamoja, wanakupiga mateke ya uso. Baiskeli yangu ni ile nyeusi ya Baba, ya kiume, yenye keria nyuma, nikiketi vidole ndivyo vinavyogusa pedali. Na zaidi ya yote naogopa kuonekana. Nikitoka majini nguo zitanishika mwilini mbele ya watu, mimi ambaye kanisani nikiambiwa nisome somo nasoma kama nakiri dhambi. Mama aliniuliza, "Utavaa nini?" Hilo tu. Nimemwonyesha: suruali nyeusi ya kubana na fulana ndefu ya shule. Amezikunja, ameziweka juu ya kabati. Kwa Mama hiyo ni ruhusa.

Nimeshajiandikisha. Sikusubiri Ijumaa, maana najijua.

Nilipomwambia Doto alikuwa anasuka nywele zake mbele ya kioo. Nilitegemea acheke. Badala yake akauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, "Sasa nguo atashika nani?"

Dada Kulwa, hakuniuliza kama naweza. Hakuniuliza nilijifunza lini. Nguo! Nilitoka nje nikakaa barazani, pale anapokaa yeye akizungumza nawe. Nilikasirika, halafu nikaanza kucheka peke yangu. Nilikuwa natafuta jibu zuri la kumrudishia na sikulipata, mpaka Bibi alipopiga simu jioni kuniuliza habari za baiskeli.

Wivu wangu haujaisha, nisikudanganye. Ukinipita majini nitaumia. Nikiwaona mmesubiriana mstari wa mwisho nitaumia zaidi. Na nitakuwa nyuma yenu, hilo nalijua, jina langu limeshasema. Ila nitafika nimelowa.

Nikifika Mwanza, usiku wa kuamkia siku ya mashindano, naomba unipeleke ziwani kabla ya watu kujaa. Simama kwenye maji ya kifua, unishike chini ya tumbo mara moja tu. Najua kuelea. Nataka tu niambiwe yale maneno, na uniachie bila kunijulisha.

Halafu kuhusu nguo. Bibi anakuja. Amesema atapanda gari la alfajiri siku moja kabla, na anakuja na kamba yake, msimcheke. Nimemwomba ashike nguo za sisi sote watatu. Amekataa. Amesema yeye ni mzee, hawezi kushika za kila mtu, atakaa na za mke mwenzake tu.

Zenu tafuteni mtu.

Nakuaga kwa leo, tutaonana kwenye maji.

Mdogo wako,
mpagazi mstaafu,
Shija