Sifuri ya Mama Kuruthumu

Dada Zuhura,

Wewe ndiye uliyenifundisha kazi ya kuandika programu, kwa hiyo kinyaa changu nakuletea wewe. Hapa Mbagala sina mwingine wa kunielewa, na nikinyamaza nitatapika.

Siku ya kuanua matanga yako, bosi wetu alitoka Mbezi Beach na programu yake ya michango. Ungeicheka kwanza, halafu ungeifuta. Alichukua ileile ya ripoti za kampuni, inayokadiria kila kiasi hadi milioni nzima iliyo karibu. Mabilioni ya kampuni yanavumilia hilo. Mchango wa msiba hauvumilii, Dada! Ulikuwa ukiniambia, "Kadiria jumla tu, tena mwishoni, tena uwe na sababu. Hela ya mtu iache kama alivyoitoa."

Mwenyekiti wa kamati ya msiba akashika simu yenye programu hiyo, akasoma mbele ya watu wote. Bosi alikuwa ametoa laki sita. Ikasomeka milioni moja. Unajua alifanya nini? Alisimama, akaweka mkono kifuani, akapokea shukrani. Mtu mzima yule, haya hana.

Kisha: "Mama Kuruthumu, sifuri."

Jirani yako, Dada. Aliyekukorogea uji ulipokuwa hujiwezi, akakufulia na mashuka. Alitoa elfu thelathini, na mimi ndiye niliyezipokea, zinanuka mafuta ya chapati. Watu wakaguna. Kuna mmoja alicheka. Nikapaza sauti kwamba si kweli, mwenyekiti akanikata, "Tulia binti, mashine haidanganyi." Mama wa watu akajifunga kanga yake, akaondoka, asikanyage tena kwenu. Mama yako akawa anamuulizia kila asubuhi.

Kazini nilimwonyesha bosi kosa. Mstari mmoja tu! Akasema, "Hizo hela ndogo bwana, hazibadilishi jumla." Nikamtazama ule mdomo, nikashindwa hata kumaliza chai yangu. Basi nikaketi, nikairekebisha programu mwenyewe.

Kwenye arobaini yako nilimfuata Mama Kuruthumu kwake, nikamshika mkono mpaka kwenu. Baada ya hitima nikasimama nikasoma majina yote, shilingi kwa shilingi. Bosi, laki sita. Akainamia sahani yake ya pilau kama kapoteza kitu humo. Kazi kwake sina tena, na sijutii hata kidogo.

Nikasoma, "Mama Kuruthumu, elfu thelathini."

Hakushukuru. Alisema, "Haya. Sasa niacheni nimlilie mwanangu." Ndipo akalia, Dada. Tangu siku ile ya sifuri hakuwa amekulilia mbele ya mtu. Mama yako akahamia kwenye mkeka wake, wakalia pamoja.

Kwaheri, Dada Zuhura. Mungu akulaze pema. Popote nitakapoajiriwa, alichotoa mtu kitasomeka hivyo hivyo, ili siku ya kulia, naye alie na wenzake.

Mwanafunzi wako,
Asha