Muswada wa Dada

10 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona? Sisi hatujambo, ila mama goti linamsumbua.

Dada, huo muswada wako wa kuweka mikataba ya serikali hadharani, nakuomba uuondoe bungeni. Jana mkuu wa zabuni aliniambia mbele ya wakandarasi wenzangu, "Wewe si mdogo wake yule mbunge? Kazi kamwombe yeye." Watu walicheka. Mafundi wangu wamekaa tu, mashine ya zege imelala uani. Na wewe wanasema utaangushwa uchaguzi ujao. Kwa nini tuumie sote?

Mdogo wako

24 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua kimepoa, sauti ndiyo bado ya chura.

Barua yako imeniliza. Lakini siuondoi. Wameshanitoa kwenye kamati ya bunge, na bado siuondoi. Wewe ni fundi hodari, na kila mara unanyimwa kazi bila kuambiwa kapewa nani, wala kwa nini. Nikasirikie ukipenda. Mama tu usimwache.

Dada yako

30 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. U mzima? Nimekaa kimya kwa hasira, sikufichi. Mashine ya zege niliiuza.

Ila siku muswada wako ulipopigiwa kura, mimi na mama tulikuwa tunasikiliza redioni. Wabunge wakakuzomea weee! Ukangoja wachoke, ukaendelea palepale ulipoachia. Mama akasema, "Huyo nimemzaa mimi." Nikatoka nje, asinione machozi.

Sasa sheria ipo, na mkataba wa ukarabati wa zahanati yetu umebandikwa ukutani pale. Mama kapeleka goti lake, akausoma wote, akamwita mkandarasi: "Mwanangu, hapa wameandika madirisha ya vioo. Mbona unapigilia mabati?" Jamaa akaanza kujikuna kichwa. Vioo vimeshafika.

Nami niliomba kazi ya kujenga madarasa. Safari hii bei zilisomwa kwa sauti, milango wazi, yeyote anaingia. Nimeshindwa, dada. Kapewa mama mmoja mhandisi. Bei yake nafuu na michoro yake safi kuliko yangu, nimeiona kwa macho yangu. Nikampa mkono. Akaniuliza, "Utanisimamia zege?"

Naanza Jumatatu. Jana nimekula nikashiba, nikalala fofofo.

Mdogo wako, anayejivunia kuitwa mdogo wa yule mbunge