Mama, Mfungulie Kasian

Al Qusais, Dubai
Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, si umelala. Kaka Deus ameniambia kwa simu kwamba siku hizi unapelekewa uji kitandani, na kwamba gari la kukupeleka hospitali umelirudisha ukisema huumwi, umechoka tu. Tangu lini wewe ukachoka, Mama? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na sababu utaiona. Isome mwenyewe polepole. Usimpe yeye akusomee, ataruka yale anayoona hayafai masikio yako.

Kazi yangu inaendelea. Najua hadi leo majirani huwaelezi ninachofanya huku, maana unaona haya kusema mwanao analipwa kusikiliza wenzake wakiimba. Ndiyo kazi yenyewe. Kituo cha utafiti kilichonileta kinataka nyimbo za asili za watu waliohamia hapa zirekodiwe kabla hazijasahaulika. Basi siku za mapumziko nazunguka na kinasa sauti. Juzi nilikuwa mtaa wa Naif, chumba kimoja na wapagazi, wanaume wazima wenye ndevu, wakiimba nyimbo za kutwanga za mama zao bila aibu yoyote. Nilicheka, lakini nilirekodi. Unajua nilivyo mkali. Mtu akibadilisha neno moja namsimamisha, tunaanza upya. Nyuma ya mgongo wangu wananiita madam polisi.

Sasa habari yenyewe. Kifo cha Kasian, mtoto wa jirani zetu wa kule kisimani, mmekwisha kukisikia. Alianguka kazini, kwenye jengo, na hakuamka tena. Dada yake Agnes, anayefanya kazi za nyumbani kwa madam mmoja hapahapa Al Qusais, ndiye anayesafiri na mwili usiku wa leo. Jeneza litalala kanisani mjini, na yeye atatangulia kijijini kukuletea barua hii.

Kabla jeneza halijafungwa, Agnes alikuja chumbani kwangu. Alitaka kaka yake asindikizwe kwa wimbo wa kwetu. Alisema Kasian hawezi kutolewa ugenini kimyakimya kama furushi la mizigo. Yeye haruhusiwi kuongoza, ni ndugu wa damu, na mwanamke mwingine wa kwetu hapa hayupo. Nilimkumbusha kwamba mama yangu yu hai. Akanijibu kwamba analijua hilo, ndiyo maana amekuja kwa magoti.

Wimbo ule ulinifundisha wewe, ukanipa na sharti. Niuandike, niurekodi, niuchambue mbele ya maprofesa nikitaka, lakini usitoke kinywani mwangu wewe ukiwa unapumua. Sababu iko kwenye mstari wa mwisho, pale mwimbaji anapomwambia marehemu aende bila hofu, mama yangu ametangulia, yeye atakufungulia mlango. Mwenye mama hai akiutamka, anamwita mama yake kaburini. Nimeandika kurasa nyingi juu ya mstari huo. Kila nilipofundisha, niliwasikilizisha wanafunzi sauti yako, yangu nikaifungia.

Nilimpigia Deus. Hakunificha kitu. Alisema hali yako si ya kuchezea, na nikithubutu kuimba nihesabu kwamba nimekuzika kwa mkono wangu. Nilikata simu.

Basi nikaona nifanye ujanja. Nilichukua ile rekodi ya sauti yako nikaiweka kwenye simu. Tulipofika chumba cha maiti, mlinzi wa mlangoni, Mkenya mmoja aitwaye Onesmus, alitueleza kwamba muda ni mfupi, gari la uwanja wa ndege linasubiri, tukimaliza ni khalas, hakuna kuongeza. Ndani tulikuwa mimi, Agnes, na wenzake Kasian waliokuja na sare zao za kazi. Nikabonyeza. Sauti yako ilijaa chumba kizima, Mama.

Kisha ukaita jina, ukamwita Laurian.

Mimi mtaalamu wa nyimbo nilisahau kwamba siku niliyokurekodi tulikuwa kwenye mazishi ya mzee Laurian, na kwamba wimbo ule humwita kwa jina yule anayelazwa! Agnes alipiga ukelele nizime, akilia kwamba namrudisha nyumbani mtu mwingine na kaka yake anaachwa huku. Wale vijana wakarudi nyuma hadi ukutani. Nje dereva alikuwa anagonga mlango akituhimiza, yalla, yalla, haraka. Onesmus akaingia, akaniambia kwa upole kwamba kama kuna kitu cha kumfanyia huyu ndugu, sister, kifanyike sasa hivi.

Mama, niliimba.

Nililiita jina la Kasian. Niliimba ubeti wa njia na ubeti wa mto, sauti ikikwaruza, na kila ubeti ulinisogeza karibu na mstari ule. Sijawahi kuogopa namna hiyo. Nilikuona kitandani na bakuli lako la uji. Kuutamka sikuweza. Kunyamaza pia sikuweza, maana wimbo usiofungwa humwacha marehemu njiani, na Agnes alikuwa ananitazama mdomoni. Hapo nikafanya jambo ambalo mwanafunzi wangu angelifanya ningemfukuza darasani. Nilibadilisha maneno. Niliimba: nenda, Kasian, usiogope, mama yangu yuko nyumbani, yu hai, yeye ndiye atakayekufungulia mlango.

Agnes akaitikia. Wote wakaitikia, na jeneza likafungwa.

Deus atasema nimekuzika. Mimi nasema nimekupa kazi. Asubuhi itakayofuata siku Agnes atakapokukabidhi barua hii, jeneza litapita mbele ya nyumba yetu kuelekea kwao, na nimemwagiza Agnes walisimamishe hapo. Kasian ameahidiwa kwa wimbo, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba neno la wimbo ule halirudishwi nyuma. Kwa hiyo inuka, Mama. Shika ukuta, shika bega la Deus, shika chochote, lakini komeo ulivute kwa mkono wako mwenyewe. Nyuma ya gari la msiba litakuwapo lile gari la hospitali ulilolirudisha, nimeliagiza upya. Ukishamfungulia Kasian utakuwa tayari umesimama nje, basi panda.

Nifikishie pole kwa nyumba yote ya kisimani. Deus mwambie hasira zake nimezipokea, nami namrudishia salamu. Jibu la barua silitaki. Jumapili nitapiga simu, na nataka uipokee wewe, unigombeze kwa sauti ileile ya kwenye rekodi kwa kuuharibu wimbo wa bibi zetu.

Ni mimi mwanao, mwenye mama,
Fortunata