Bibi Hataki Kuletewa Kitandani

Mtaa wa Jdeideh,
Aleppo.
10 Desemba 2013

Mpendwa Shangazi Wadia,

Amani ya Kristo iwe nawe na wote walio nyumbani kwako São Paulo. Hujambo, Shangazi? Mguu unaendeleaje tangu ulipoteleza bafuni? Na Mzee Halim bado amekatazwa chumvi? Huku baridi imewahi, tunavaa makoti ndani ya nyumba, lakini sote tu wazima. Mama yako, Bibi yetu, yupo. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua ulipouona mwandiko wangu moyo ulikwenda mbio.

Nilipanga kukuandikia kwa utaratibu: kwanza afya, pili nyumba, tatu kanisa. Nimeshindwa. Tangu Jumapili nina furaha ya mtoto aliyefunga shule, basi naanza na kanisa, mengine yatafuata yakipata nafasi.

Nilikueleza Oktoba kwamba Bibi ameshikwa na kifua. Mwezi uliopita alizidiwa. Akinywa vijiko viwili vya mchuzi anageukia ukutani. Daktari alimwambia Baba ajiandae. Bibi mwenyewe alisema yuko tayari, ila haondoki bila Komunyo. Na Komunyo ndiyo tuliyokuwa hatuna.

Sababu ni unga. Unaotufikia siku hizi umechanganywa na shayiri na mahindi, na Abuna Simaan, paroko wetu, hawezi kuuweka altareni. Mkate wa kurbani, yaani wa Komunyo, ni wa ngano tupu au haupo. Mapadre wa Kilatini walitugawia mikate yao ile myembamba, kisha barabara ya kwenda kwao ikashikwa na wadunguaji. Hata akiba ya wagonjwa kwenye tabenakulo ikaisha. Ikawa Jumapili tunaimba, Abuna anahubiri, halafu tunaangaliana na kurudi nyumbani.

Sikujua, Shangazi, kwamba mtu anaweza kuona njaa ya kitu kidogo namna ile. Mkate wa mezani ulipopungua, kila nyumba ilijifungia na kidogo chake. Huu wa altareni ulipokosekana, hata salamu za kwenye ngazi zilianza kuwa nzito. Mimi na Mama Tanyus wa ghorofa ya pili tulikuwa hatusemezani tangu kiangazi kwa ajili ya zamu ya maji, na hakuna aliyeona haja ya kuanza.

Basi wiki iliyopita, mkesha wa Mtakatifu Barbara, Mama alitoa kopo la ngano iliyokobolewa ili awachemshie watoto wa jengo letu, kama kila mwaka. Bibi akaisikia ikimiminwa kwenye sufuria.

"Nini hiyo?" akaita kutoka chumbani.

"Ngano ya Barbara, mama."

"Tupu?"

"Tupu."

"Sasa unaichemshia nini? Isage."

"Niisage na nini, mama, meno?"

Shangazi, kopo lile lilikuwa jikoni muda wote. Tumelipita asubuhi na jioni tukilalamika hakuna ngano. Hakuna aliyefikiria, kwa sababu ngano ya Barbara ni ya Barbara, basi.

Umeme haupo, kwa hiyo kaka yangu Nasri alishusha kile kinu cha shaba cha kusagia kahawa. Tulisaga kwa zamu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mama akakanda, akapiga muhuri wa mbao wa Bibi, ule wa msalaba, juu ya donge, akaoka kwa kuni za kabati lililovunjwa na kombora. Harufu ikajaa ngazini. Mama Tanyus akachungulia mlangoni, mara ya kwanza tangu kiangazi.

"Jamani, mnaoka mkate au mnakaribisha wageni kahawa?"

Tukanusa. Iliki. Kinu kimesaga kahawa na iliki miaka yote, shaba yenyewe imenyonya harufu. Abuna alikuja, akaumega, akafumba macho.

"Mtamu," akasema. "Lakini ngano, maji, chachu na chumvi, basi. Huu siwezi, Mama Nasri."

Mama alikaa chini sakafuni palepale. Baba akamgeukia Nasri.

"Mhandisi mzima, pua uliisahau chuoni?"

"Baba, nusu umesaga wewe."

"Mimi nina mafua."

Mkate ule walikula watoto kwa asali ya zabibu, na wakauliza kama Barbara atakuja tena kesho. Sisi tulilitazama kopo. Zilibaki konzi chache. Bibi akatoa amri akiwa amelala: kinu kifunguliwe, vyuma vichemshwe, kisha isagwe chumvi ya mawe na kumwagwa. Tulifanya hivyo. Mama akasaga punje chache akampelekea. Bibi alinusa muda mrefu.

"Sasa ni ngano," akasema.

Mkate wa pili ulitoka mdogo, sawa na kiganja cha Baba. Abuna aliukagua Jumamosi, akacheka peke yake kama kijana. Akamwambia Bibi atamletea Komunyo kitandani.

"Mimi mfungwa, niletewe sahani?" Bibi akamjibu. "Nataka kula na watu wangu."

"Na ngazi zile, mama? Kwa kifua hiki?"

"Ngazi zinateremka, Abuna. Kupanda ni shida yenu."

Kwa hiyo Jumapili Baba na Nasri walimbeba kwenye kiti cha jikoni, amefungwa mablanketi, mpaka chumba cha chini cha kanisa tunakosali tangu madirisha yavunjike. Habari ya mkate ilikuwa imetutangulia. Walikuja Waarmenia, walikuja Wamaroni wa makanisa jirani, walikuja watu ambao sijawaona kanisani tangu harusi zao. Nilipoona umati ule niliogopa. Abuna aliugawanya mkate kwa uangalifu wa sonara, kila mtu chembe moja kwenye kijiko, pamoja na divai.

Nilipokea yangu. Ilikuwa chachu kidogo, imelowa, ikaisha kabla sijafunga mdomo. Nilipogeuka, Mama Tanyus alikuwa nyuma yangu na machozi mpaka shingoni. Akanishika mkono. Sisi wawili tulikuwa tumekula mkate mmoja, na zamu ya maji sikuikumbuka tena.

Bibi alikataa kutangulia. "Mkate umetoka kwangu," alisema. "Wageni kwanza." Akawa wa mwisho kwenye mstari, huku Baba akishikilia kiti. Zamu yake ilipofika, Abuna alitazama ndani ya kalisi. Akaiinamisha kwenye mshumaa. Akakwangua polepole kwa kijiko.

"Mtumishi wa Mungu Nazira," akasema, "anapokea Mwili na Damu ya Bwana."

Bibi alipokea, akafumba macho, akabaki vile. Baba akamwinamia kusikiliza kama anapumua.

"Rizkallah, usinipumulie usoni," Bibi akasema. "Nani kakanda?"

"Mke wangu, mama."

"Maji yalizidi. Jumapili nakanda mwenyewe."

Akaomba supu, akamaliza bakuli.

Sitaki kukudanganya, Shangazi. Kikohozi ni kilekile, na daktari hajabadilisha maneno yake. Lakini jana Mama Tanyus aligonga mlango akiwa na kopo lake la ngano ya Barbara, na nyuma yake jirani mwingine, na mwingine. Kumbe kila nyumba ilikuwa nayo. Ninapoandika, Bibi ameketi kitandani, sinia mapajani, anachambua mawe kwenye ngano na kumtuma Nasri huku na huku. Ameniagiza nikuambie ile nguo nyeusi ya msiba uliyotoa kabatini uirudishe, maana yeye Jumapili ana kazi.

Barua hii anaibeba binti wa jirani anayeondoka kesho kwa basi la Beirut, hivyo nakomea hapa. Nisalimie Mzee Halim na binamu zangu Nadim na Rozita. Baba, Mama na Nasri wanakukumbatia. Mama wa Mungu awafunike kwa vazi lake, na siku moja atukalishe sote meza moja.

Ni mimi mwanao wa Aleppo, nikupendaye siku zote,

Hiyam