Filamu Uliyoipenda na Baba Aliyekwenda Kuitazama

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kidoti,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi cha asubuhi kimekuachia? Unakula, au bado unalidanganya tumbo kwa chai na mkate? Mimi ni mzima, cherehani nayo nzima, na Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi. Ameketi hapa mlangoni anachambua mchele, na kila mara ananiuliza, "Umeshamwambia kwamba nimemkumbuka?" Basi, nimeshakuambia.

Kitanda chako bado kipo. Nilisema nitakitoa nipate mahali pa kutandazia vitambaa, lakini nikikishika nakirudisha palepale. Mwezi uliopita nilipaka rangi chumba kizima, nikaruka pale ukutani ulipozoea kuegemeza kichwa, penye alama ya mafuta ya nywele. Mama aliona, akapagusa kwa kiganja.

Sasa nikupe habari. Ile filamu yako imerudi! Ukumbi wa sinema, ule unaotazamana na duka letu la ushonaji, umeanza kuonyesha filamu za zamani kila Jumamosi mchana. Ya kwanza kubandikwa ukutani ikawa hiyo hiyo, ya msusi anayempenda yule muuaji wa kukodiwa asiyesema neno. Nilipoona picha ya yule dada na mkasi wake wenye damu, nilikuona wewe, umeng'ang'ania mkono wangu tuingie tena, na mimi nalalamika kwamba nimeichoka.

Watu wamegawanyika kabisa. Kinyozi anaapa kwamba hakuna mapenzi yaliyowahi kuonyeshwa namna ile. Ananyoa huku akiigiza pale nyumba inapoungua na wale wawili wanacheza muziki sebuleni, hadi wateja wanashika masikio yao wasije wakakatwa. Jirani yetu nesi yeye alitoka katikati. Alitusubiri nje, amefura.

"Mnapiga makofi," alisema, "lakini wasichana wa namna hiyo mimi ndiye ninayewashona nyuzi."

Kinyozi akamjibu kwamba ile ni sanaa, si somo la malezi. Tangu siku hiyo hawasalimiani, na mume wa nesi, maskini, ndevu zake zimekuwa kichaka.

Maneno hayo yakamfikia Baba. Unajua tangu uondoke na huyo mwanamume wako hajalitaja jina lako. Ukipiga simu, anatoka uani kukagua bomba lisilo na tatizo lolote. Basi Jumatano akaja dukani kwangu, akasimama kati ya magauni ya watu, kofia mkononi.

"Hiyo filamu wanayogombania," akaniuliza, "ndiyo ile aliyokuwa haachi kuitazama?"

"Ndiyo, Baba."

"Jumamosi unipeleke."

Kidoti, sindano ilinichoma kidole.

Tukaenda jana, maana bado wanairudia kila Jumamosi. Alivaa shati lake jeupe la misibani na harusini. Pale muuaji anapomkaba yule mwenye nyumba kwa taulo, watu kadhaa wakanyanyuka wakaondoka wakisonya. Nikamwambia tutoke na sisi. Akatikisa kichwa. Nyuma yetu vijana wanaoijua filamu kwa moyo walikuwa wanasema maneno ya msusi kabla hajayasema mwenyewe, kama ulivyokuwa ukifanya, nami nilijikaza nisigeuke kukutafuta.

Halafu ikaja ile sehemu fupi ambayo wewe na mimi hatukuwahi kuizungumzia. Msusi anapita nyumbani kwao kuaga. Anasimama mlangoni, anamwita baba yake. Mzee yumo ndani, anasikia, anaendelea kukata mkate. Binti anaondoka. Baba yetu, kando yangu, alishika mkono wa kiti hadi mishipa ikamsimama. Na mimi nikaiona ile asubuhi yako, umesimama na begi mbele ya mlango wa chumba chake, umeita mara moja, na ndani kimya.

Nje mabishano yakaanza upya, kinyozi huku, nesi kule, wanabishana kuhusu wale wapenzi. Baba akawakatiza.

"Mnawasema hao wawili tu," alisema. "Yule mzee je? Alikuwa na miguu. Kwa nini hakufungua?"

Kinyozi akacheka kidogo. "Mzee wangu, yule ni mpita njia tu kwenye hadithi."

"Si mpita njia!" Sauti ya Baba ilipaa, watu wakageuka. "Yule ni baba yake."

Nesi ndiye aliyemsogezea kiti cha pale kwenye kibanda cha soda, akamshika bega. Tulipokuwa tunarudi, tumeshakaribia kwetu, Baba akaniuliza, "Huyo mwanamume wake ana hasira?" Nilimwambia nitakuuliza.

Kwa hiyo nakuuliza, mdogo wangu, na usinipige chenga. Anakutunza? Umewahi kumwogopa? Miaka yote nilikuwa upande wa kinyozi, kwa sababu wewe ulikuwa upande huo na ulikuwa ukilia kwa raha filamu ikiisha. Lakini safari hii nilimtazama yule msusi anavyojikunyata mwanamume akiingia, nikakosa raha. Kama mambo ni mazuri, niambie nifurahi. Kama si mazuri, niambie haraka, nami nitakuja kukuchukua hata kama ni kwa gari la mizigo.

Mama anakusalimu tena. Shangazi anakusalimu, anasema ukija umletee picha zako, si maneno. Mapacha wake wameota meno ya mbele na wanalijua jina lako. Nesi na kinyozi wanakusalimu, kila mmoja kivyake. Mungu akulinde unapolala na unapoamka, akufungulie kila mlango unaougonga.

Nikiwa hapa Baba ameingia, ameniangalia nikiandika, kisha ameomba kalamu. Nimemwachia nafasi hapa chini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukikaa kimya.

*Mwanangu, siku ile nilikusikia. Njoo. Ukija peke yako njoo, ukija naye njooni. Mimi baba yako.*