Hapana Yako Inaishia Wapi?

Muhindo rafiki yangu,

Umeniudhi. Sijui kama marehemu huambiwa hivyo, lakini umeniudhi tangu tulipokuzika, na leo nimechoka kunyamaza.

Lugha yako ya kompyuta, ile Fanya uliyoibuni ili watoto wa hapa Vulamba, Butembo, waandike programu kwa maneno ya nyumbani, sasa ni mbili. Paluku, mwanafunzi wako wa zamani, ameunda Fanya yake huko Beni.

Msichana wa Musienene aliandika mstari mmoja: "hapana mvua ao ukungu: anika maharagwe." Asubuhi ya ukungu mzito, Fanya yako ikamwambia anika! Maharagwe yakalowa, na mama yake akanitukana mimi mwalimu, si wewe. Nikaujaribu mstari huohuo kwenye Fanya ya Paluku, ikasema acha ndani. Kwako hapana inashika neno moja tu, mvua, kwa hiyo ukungu ukiwepo mashine inaamuru anika. Kwa Paluku inashika na ukungu.

Nilikwambia tuandike kanuni. Ukacheka: "Masika, kanuni ya nini? Uliza mashine yangu, itakujibu. Mais, batoto banaelewa!" Eti watoto wanaelewa. Haya, nimeiuliza. Imejibu upuuzi. Lugha ambayo sheria yake ni kompyuta ya mtu mmoja ni desturi ya nyumba yake tu, na mwenye nyumba ndiyo hivyo, amekwenda zake.

Basi nikamwita Paluku. Walimu wa Beni na wa Butembo tumekaa, tumegombania neno moja mpaka chai ikapoa. Nilitamani uingie utukatize, kama kawaida yako.

Tumekubaliana kwa maandishi: hapana inashika yote mpaka nukta mbili. Andiko hilo ndilo linaloamua, si kompyuta ya mtu yeyote. Asiyelipenda aje tukae, tulibadilishe pamoja. Hiyo ndiyo kanuni, mbishi wewe! Mtu asiyekujua kabisa aweze kuisoma na kuiunda Fanya upya, na maharagwe yasilowe.

Kwa hiyo Fanya yako ndiyo yenye kosa. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu, nikalia kwa hasira.

Lala, Muhindo. Nakuahidi nitairekebisha mwenyewe, sitamwachia mtu mwingine aguse mistari yako. Kisha hakuna atakayehitaji tena kuuliza wewe ungesema nini. Ndicho nilichokidai miaka yote, na sasa kinaniuma.

Masika