Majani Ndani ya Kengele

Mjukuu wangu Zawadi,

Huku Kabambare tumeamka wazima. Mihogo ya dada yangu, bibi yako mzaa mama, imekubali, naye bado ananicheka: "Wewe mudogo wangu, unaitwa bibi na mvi hata moja hauna!"

Unaniuliza kama umrudishe huyo mbwa mchungaji uliyepewa huko Ubelgiji, kwa kuwa hatulii na anawaswaga watoto kama mbuzi. Subiri kwanza.

Utotoni tulikuwa na Tutaona, mbwa wa kuwinda. Alikimbiza mbuzi wa majirani mpaka mama akasema aondoke. Baba akamfunga shingoni kengele ya mti, akawa anakwenda naye porini kuwinda kila asubuhi. Wakirudi, kabla ya kuingia kijijini, aliijaza kengele majani ili inyamaze.

Mama akamcheka: "Majani ndiyo itamutuliza huyu shetani?"

"Acha tu, mama Asha," baba akamjibu. "Ataelewa."

Mwanzoni mbwa hakuelewa. Kisha jioni moja, baba alipomaliza kushindilia majani, Tutaona alishusha pumzi, akalala uani. Mbuzi wakapita karibu na pua yake. Mama akamtupia mfupa.

Nilidhani alihitaji kuchoka tu. Kumbe alihitaji pia kuambiwa kwamba kazi imekwisha. Namkumbuka ninapofunga vitabu vya kazi usiku na kichwa changu kikakataa kufungwa.

Mpe mbwa wako kazi, Zawadi, halafu mtafutie majani yake. Ukiyapata, niambie. Nami nayatafuta yangu.

Bibi yako asiye na mvi